Sahani Moja, Masikio Mengi: Historia ya Wasikilizaji wa Muziki katika Katanga na Nchi Jirani

1. Utangulizi

Historia ya muziki wa Kongo imekwisha kuandikwa mara nyingi na kwa mikono ya watu wengi. Majina ya watunzi yanajulikana, miaka ya kuundwa kwa okesta inajulikana, na hata magomvi ya wanamuziki na wenye studio yamehifadhiwa vitabuni. Lakini upande wa pili wa kazi hiyo, yaani upande wa msikilizaji, umebaki gizani. Sahani ya muziki haikutengenezwa ili ikae kabatini. Ilitengenezwa ili isikilizwe, na kwa muda mrefu katika miji ya Katanga ilikuwa nadra kusikilizwa na mtu mmoja peke yake. Wapenzi wa muziki waliulizana habari za sahani kama walivyoulizana habari za nyumbani: ni ipi iliyofika, imetoka wapi, upande upi unapendeza zaidi, mwimbaji anamsema nani.

Makala haya yanachunguza desturi hiyo ya kupashana habari za nyimbo zinazosikilizwa, tangu wakati wa kinanda cha santuri hadi wakati wa kaseti. Hoja yake ni moja. Sahani hutunza sauti, lakini haitunzi maana yote ya sauti hiyo. Sehemu kubwa ya maana ilitiwa na wasikilizaji waliokusanyika, wakaulizana, wakafasiriana na wakabishana. Ikiwa hivyo ndivyo, basi historia ya muziki isiyowahesabu wasikilizaji ni nusu ya historia, na nusu iliyobaki imo vichwani mwa wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka.

2. Sahani na masharti yake

Kabla ya kuwazungumzia watu, yafaa kukizungumzia chombo, kwa sababu chombo chenyewe ndicho kilichowalazimisha watu kukutana. Sahani bapa ya muziki ilibuniwa na Emile Berliner mwaka 1887. Kwa miaka mingi sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliotoka hasa India, nazo zilikuwa nzito na rahisi kuvunjika. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na sahani ya kawaida yenye upana wa sentimita 25 ilibeba takriban dakika 3 tu za muziki kila upande. Sindano ya kinanda ilichakaa upesi na ilipaswa kubadilishwa mara kwa mara. Kinanda chenyewe kilizungushwa kwa mkono, hivyo hakikuhitaji umeme. Kwa sababu hiyo kiliweza kufika mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika.

Masharti hayo yalizaa adabu yake. Kwanza, mwenye kinanda hakuwa lazima mwenye sahani nyingi, na mwenye sahani hakuwa lazima mwenye kinanda. Mmoja alimhitaji mwenzake. Pili, wimbo wa dakika 3 ukiisha, kimya huingia mpaka mtu asimame, ageuze sahani au aweke nyingine. Katika kimya hicho ndipo maneno yalipopata nafasi: sifa, lawama, maswali, na ombi la kurudia tena. Tatu, sahani iliyovunjika haikuungika. Kuazima sahani kulikuwa jambo la kuaminiana, na aliyeirudisha nzima aliongeza heshima yake.

Hata neno albamu lina asili inayofaa kukumbukwa. Hapo mwanzo albamu ilikuwa kitabu chenye mifuko ambamo sahani kadhaa za mizunguko 78 ziliwekwa pamoja, mfano wa kitabu cha picha. Sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilitolewa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948, na mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikatoa sahani ndogo ya mizunguko 45. Ndipo albamu ikawa kazi moja juu ya sahani moja. Nchini Kongo, lakini, sahani ndogo ya mizunguko 45 ndiyo iliyotawala miaka ya 1960 na 1970. Mara nyingi wimbo mmoja mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa pili. Kwa hiyo mpangilio wa nyimbo haukuamuliwa na kampuni. Ulipangwa na watu waliokuwepo pale sahani zilipopigwa. Waliosema “sasa weka ile” walikuwa, kwa namna yao, wakitunga albamu.

3. Funzo kutoka Unguja

Mfano wa kwanza unaoonyesha uzito wa wasikilizaji unatoka pwani, naufaa kutangulizwa kwa kuwa umechunguzwa vizuri kuliko wa Katanga. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya kampuni iliyouza sahani kwa jina la His Master's Voice. Sahani hizo zilienea katika Afrika ya Mashariki, na umaarufu wake ukawa mkubwa hata Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Miongo mingi baadaye mwanahistoria Laura Fair alizisikiliza tena sahani hizo pamoja na wazee wa Unguja. Lililobainika ni kwamba maneno yaliyorekodiwa hayakutosha kueleza nyimbo. Wimbo unaojulikana kwa jina la “Kijiti”, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke aliyetoka bara, na hukumu iliyowaangukia mashahidi ilhali muuaji mwenyewe alitoroka. Wazee walieleza kisa kilivyokuwa, ni nani alitajwa kwa fumbo, na kwa nini watu wa Ng'ambo waliuona wimbo ule kama lawama juu ya mahakama za wakoloni. Mtu wa mbali aliyenunua sahani ile alipata sauti ya Siti. Aliyeketi na wenzake barazani alipata sauti na tafsiri yake.

Ndiyo kusema kwamba sahani ilikuwa na sehemu mbili: ile iliyochongwa na mashine, na ile iliyosimuliwa na watu. Sehemu ya kwanza inaweza kukaa katika hifadhi kwa miaka 100. Sehemu ya pili huzikwa na msimuliaji.

4. Katanga: mji wa kazi na masikio yake

Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, na pia Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja walipofika. Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi, ya kambi, na mwishowe ya watoto wao. Hali hiyo inaeleza pia jinsi muziki ulivyosikilizwa. Katika kambi moja walikaa majirani waliokuwa na ngoma mbalimbali za kwao, lakini sahani iliyopigwa jioni ilikuwa mgeni kwa wote kwa kiasi kile kile. Haikuwa mali ya kabila fulani. Kila mtu aliweza kuipenda bila kuombewa ruhusa na wazee wa ukoo.

Miongoni mwa sahani zilizouzwa barani Afrika tangu mwaka 1933 zilikuwamo zile za mfululizo wa GV wa His Master's Voice, zilizobeba muziki wa Kuba. Wa kwanza wao ulikuwa na wimbo “El Manisero”. Sahani za namna hiyo ziliwafundisha vijana wa Kongo mapigo ya rumba. Wengi hawakujua Kihispania. Waliyashika maneno kwa sauti yake, wakayarudia jinsi walivyoyasikia, na katika nyimbo za Léopoldville za miaka ya 1950 maneno yaliyofanana na Kihispania yakawa pambo la kawaida. Mwanamuziki, kabla ya kuwa mwanamuziki, alikuwa msikilizaji aliyekaa karibu zaidi na kinanda.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika ya Kati na Kusini na vyombo vyake vya kurekodi, alifika Jadotville, yaani Likasi. Huko alimrekodi kijana mpiga gita, Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuwa na asili ya Bunkeya, mji wa Msiri. Wimbo wake “Masanga” ulitolewa kwenye sahani na kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Namna yake ya kupiga gita kwa vidole, nyuzi za chini zikienda njia yao na nyuzi za juu zikienda nyingine, iliwashangaza waliomsikia. Huko Uingereza mtaalamu David Rycroft alizisikiliza kazi zake kwa makini, na mnamo mwaka 1961 na 1962 alichapisha uchambuzi wake kwa noti katika jarida la African Music. Kwa hiyo ndani ya miaka 10 mpiga gita wa Likasi alikuwa na wasikilizaji wa aina mbili wasiojuana: wafanyakazi wa migodi waliomsikiliza jioni, na mtaalamu wa London aliyehesabu kila pigo la kidole chake.

5. Mpaka usiozuia sauti

Upande wa pili wa mpaka, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, kulitokea jambo lililobadili desturi ya kusikiliza. Mwaka 1949 redio ndogo ya betri ilianza kuuzwa kwa ajili ya Waafrika kwa bei ya pauni 5. Ilipewa jina la sufuria kwa sababu umbo lake lilifanana na chombo hicho cha jikoni. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha kadhaa za Kiafrika, kikapiga sahani, na kikapokea barua za wasikilizaji walioomba nyimbo wazipendazo. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti mjini Luanshya mwaka 1953 na 1954, alieleza kwa kirefu nafasi ya redio na sinema katika maisha ya wakazi wa mji huo wa migodi.

Barua hizo zilileta jambo jipya. Hapo awali mtu alimwambia jirani yake sahani anayoipenda. Sasa aliweza kuwaambia watu wa nchi nzima, na jina lake likatajwa pamoja na wimbo. Katika redio za Kongo nako, vipindi vya sahani zilizoombwa na wasikilizaji vilikuwa miongoni mwa vilivyopendwa. Ombi lilikuwa na sehemu tatu: jina la anayeomba, jina la wimbo, na majina ya wanaosalimiwa. Ukitazama vizuri utaona kwamba wimbo ulikuwa katikati kama daraja. Aliyeuomba hakutaka tu kuusikia. Alitaka fulani ausikie akijua kwamba umetoka kwake.

Nyimbo za Katanga zilivuka pia kuelekea mashariki. Mnamo mwaka 1959 Mwenda Jean Bosco alikwenda Nairobi, akakaa miezi kadhaa na kusikika redioni. Jamaa yake Edouard Masengo naye alifanya kazi huko na kurekodi. Wapiga gita wa Kenya walijifunza kutokana na sahani zao na kutokana na kuwaona kwa macho. Jambo la kuangaliwa hapa ni lugha. Kiswahili cha Katanga si Kiswahili cha Mombasa; kina maneno yake, viambishi vyake na sauti zake, na wasomi wa zamani walikidharau mara nyingi. Lakini wasikilizaji wa Nairobi hawakungoja idhini ya wasomi. Walikisikia kikiimbwa, wakakielewa kiasi cha kutosha, na yale yasiyoeleweka wakaulizana. Kabla ya mikutano ya wataalamu kuzungumzia umoja wa Kiswahili, sahani zilikuwa zimekwisha kuwazoeza watu kusikia lahaja ya mwenzao bila kucheka.

6. Kusikiliza lugha ya wengine

Ama kuhusu muziki wa Kinshasa, hali ilikuwa tofauti. Tangu mwaka 1948, Nicolas Jéronimidis alipoanzisha kampuni ya Ngoma huko Léopoldville, na kisha kampuni za Opika na Loningisa zilipofuata, nyimbo za Kilingala zilienea kwa wingi. Ngoma haikungoja wanunuzi waje dukani. Waimbaji wake, miongoni mwao Wendo Kolosoy, Léon Bukasa na Manuel d'Oliveira, walisafirishwa mikoani ili wasikike na sahani zao zinunuliwe. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Mapema mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara huko Brussels, Kabasele na wenzake walirekodi “Indépendance Cha Cha”, wimbo uliopigwa mbali sana nje ya mipaka ya Kongo na kuchukuliwa kuwa wimbo wa uhuru wa Afrika.

Msikilizaji wa Lubumbashi aliyezaliwa katika Kiswahili alizipokeaje nyimbo za Kilingala? Hapa desturi ya kusikiliza pamoja ilikuwa na kazi maalumu, nayo ni kufasiri. Palipokuwa na mtu aliyekaa Kinshasa, au askari aliyejifunza Kilingala jeshini, huyo ndiye aliyeulizwa. Alieleza kisa cha wimbo kwa Kiswahili, na mara nyingi kisa kikapata nyama zaidi kuliko kilivyokuwa katika wimbo. Huko Dar es Salaam na Nairobi, ambako Kilingala kilijulikana na wachache zaidi, watu walicheza na kuimba maneno wasiyoyaelewa, kama vijana wa Kongo walivyofanya na Kihispania. Wapo wanaodharau usikilizaji wa namna hiyo na kuuona kama ujinga. Lakini hauna ujinga ndani yake. Asiyeelewa maneno husikiliza sauti, mapigo, huzuni ya mwimbaji na zamu ya gita. Kisha hutafuta wa kumwuliza. Kutoelewa ndiko kulikomfanya amhitaji jirani.

Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mapema katika miaka ya 1970, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1978 juu ya utamaduni wa watu wa kawaida kwamba nyimbo, mafundisho ya Jamaa na picha za wachoraji wa Shaba yapaswa kusomwa pamoja, kwa kuwa yalijibu maswali ya watu wale wale. Mtu aliyetundika picha sebuleni ndiye aliyepiga sahani chini ya picha hiyo, mbele ya wageni wale wale. Fundisho hilo laweza kuendelezwa hatua moja mbele: kinachoyaunganisha mambo hayo matatu ni mazungumzo ya walioketi pale.

7. Kaseti, bendi za wahamiaji na kadi za salamu

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 ikaenea kote Afrika. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika kama sahani, na zaidi ya yote iliweza kunakiliwa nyumbani. Sahani iliazimwa, kaseti ilinakiliwa. Mpenzi wa muziki aliyekuwa na vinasa sauti viwili aliweza kumpa rafiki yake nyimbo bila yeye mwenyewe kukosa. Kwa mwanamuziki hilo lilikuwa hasara, kwa kuwa nakala hizo hazikumletea chochote. Kwa msikilizaji ilikuwa mara ya kwanza kuweza kumkabidhi mwenzake mpangilio wake mwenyewe wa nyimbo, umeandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaseti.

Nchini Tanzania umuhimu wa kaseti ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa bendi nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi zilijulikana kwa kutangazwa kuliko kwa kuuzwa kwenye sahani. Aliyeutaka wimbo aliungoja redioni akiwa ameshika kinasa sauti. Katika nyimbo hizo zilikuwamo za wana wa Kongo. Orchestre Maquis du Zaïre ilitoka Katanga na kuhamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Super Mazembe, chini ya Mutonkole Longwa Didos, ilifika Nairobi mwaka 1974. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimba kwa Kiswahili hadi kifo chake mwaka 2010. “Shauri Yako”, wimbo wa Nguashi Ntimbo ulioimbwa pia na Super Mazembe mapema katika miaka ya 1980, ulipendwa Kongo, Kenya na Tanzania kwa pamoja, na hadi leo si rahisi kuwashawishi wapenzi wa nchi moja kwamba si wao walioujua kwanza.

Katika nchi hizo desturi ya kuomba nyimbo ilikua hata ikawa na vyombo vyake. Kadi za salamu zilinunuliwa, zikajazwa majina na kupelekwa redioni. Wapo watu waliojulikana nchini kote kwa wingi wa kadi zao tu, na wengine wakaunda vyama vya watuma salamu vilivyotembeleana, kuzikana na kuchangiana arusi. Watu ambao walianza kwa kusikia jina la mwenzao kando ya wimbo waliishia kuwa ndugu. Hakuna sahani yoyote katika hifadhi inayoweza kumwonyesha mtafiti jambo hilo.

8. Mipaka ya ushirika huo

Haifai, hata hivyo, kuipamba desturi hiyo kupita kiasi. Kusikiliza pamoja hakukuwa na maana ya usawa. Mwenye kinanda ndiye aliyeamua, na mwenye baa alichagua nyimbo zilizouza bia. Wakati wa ukoloni vipaza sauti vya hadhara viliwekwa na watawala kwa malengo yao: muziki ulikuwa chambo, na habari za serikali zilikuwa ndoana. Baadaye redio za taifa zilikuwa na nyimbo zisizopigwa, na kila msikilizaji alijua bila kuambiwa ni ombi gani lisingejibiwa.

Suala la wanawake nalo lataka uangalifu. Picha iliyozoeleka ni ya wanaume kuzunguka kinanda. Lakini huko Unguja wanawake walikuwa miongoni mwa wafasiri wakuu wa nyimbo za Siti, na huko Léopoldville na Brazzaville katika miaka ya 1950 vyama vya wanawake vya kusaidiana viliambatana na okesta na kuzipa umaarufu. Nyumbani, mara nyingi mwanamume alinunua sahani, lakini aliyeisikia mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na redio mchana kutwa, alikuwa mke na watoto. Mtafiti akiwauliza waume tu, atapata orodha ya sahani zilizonunuliwa. Akitaka kujua zilivyosikilizwa, hana budi awaulize pia wake zao.

Uchumi nao uliingilia kati. Hatua ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyowapa raia wa Zaïre maduka na mali za wageni, iliyumbisha biashara nyingi, na matatizo ya miaka iliyofuata yakaifanya sahani mpya kuwa kitu cha anasa. Ndivyo kaseti ya nakala ilivyoshinda. Sahani za zamani zikabaki kwa wachache, zikachakaa, zikauzwa au zikatupwa.

9. Hitimisho

Mwenda Jean Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Kazi zake zimesalimika kwa sehemu kwa sababu zilihifadhiwa mbali na Likasi. Maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 ipo Afrika ya Kusini. Mwingereza John Low, aliyevutwa na sahani za gita la Katanga, alikuja Shaba mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwatafuta Bosco, Masengo na Losta Abelo, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Ni jambo la kushukuru, na pia ni jambo la kutia haya kidogo, kwamba msikilizaji aliyeandika alikuwa mgeni, ilhali wasikilizaji wa mitaa ya Lubumbashi na Likasi walikuwa maelfu.

Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Heshima hiyo inastahili. Lakini urithi usioshikika hauko gitani tu. Uko pia katika sikio lililozoezwa, katika hukumu ya mtaani juu ya wimbo upi ni bora, na katika tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa kwa wimbo wa Kilingala mbele ya chupa mbili. Siku hizi wimbo unapita kutoka simu hadi simu, na mara nyingi unaingia katika sikio moja kupitia waya mwembamba. Watu hawajaacha kuulizana wanasikiliza nini. Kilichopungua ni kile kimya cha kugeuza sahani, ambamo jibu lilikuwa refu kuliko jina la wimbo.

Lubumbashi ina mfano wake mwenyewe wa kufuata. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Fabian aliichapisha mwaka 1990, na wanahistoria wakatambua kwamba wapishi na maboi walikuwa na historia ambayo mabwana zao hawakuijua. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa juu ya wasikilizaji, wala haihitaji fedha nyingi. Mwanachuo mmoja, daftari moja, kinasa sauti, na mzee mmoja aliye tayari kusikiliza tena sahani ya ujana wake: mlinunua wapi, mlisikilizia kwa nani, nani alifasiri, mlibishana juu ya nini. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kile kile yalichosemwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii haijapotea yote, lakini wenye kuikumbuka hawatangoja.